Vita vya 1704 juu ya meza: kanuni za mchezo zinapimwa namna gani, na nani hahesabiwi

Katika kipindi chetu cha historia tulitaja kwa kifupi kwamba huko Ulaya na Marekani kuna watu wazima, wenye kazi na jamaa zao, wanaokaa mchana kutwa kuzunguka meza wakipigana upya vita vya miaka 300 iliyopita kwa kutumia vijiaskari vya plastiki ao vya madini ya risasi. Maswali yalikuja mengi. Kijana mmoja aliuliza kama huo si mchezo wa watoto. Mama mmoja aliuliza kwa uzito zaidi: mtu aliyeona vita kwa macho yake anaweza kweli kuvicheza?

Maswali yote mawili yanastahili jibu. Na jibu zuri linapatikana tukiangalia sehemu moja ya mchezo huo ambayo watu wengi hawaijui: kazi ya kujaribu kanuni kabla ya kuzitoa. Kwa maana mtu anayeandika kanuni za vita mezani analazimika kujiuliza jambo ambalo hata majenerali mara nyingi hawajiulizi: ni kitu gani hasa kinachoamua vita? Ni risasi, ni idadi ya watu, ni njaa, ao ni woga?

Mchezo uliotoka kwa walimu na wanajeshi

Mchezo huu haukuanza kwa watoto. Munamo mwaka 1780, mwalimu mmoja wa mji wa Brunswick, Ujerumani, jina lake Johann Hellwig, alichukua sataranji akaipanua. Ubao wa kawaida una miraba 64. Wake ulikuwa na zaidi ya miraba 1,000, na kila mraba ulikuwa na rangi ya kuonyesha kama ni kilima, maji, kinamasi ao uwanja. Nia yake ilikuwa kuwafundisha vijana watakaokuwa maofisa.

Mwaka 1812, bwana mmoja wa ufalme wa Prussia aliyeitwa von Reisswitz alimpelekea mfalme wake meza yenye milima na mito iliyofinyangwa, ili vita vichezwe bila miraba. Mtoto wake, aliyekuwa ofisa wa mizinga, aliendeleza kazi hiyo na kutoa kanuni zake mwaka 1824. Yeye aliacha meza na kutumia ramani za kweli za kijeshi. Aliingiza mambo matatu ambayo yanatumika mpaka leo. La kwanza ni dadu, kete ya pande sita kama ile ya ludo, ili bahati iwe na nafasi yake. La pili ni majedwali yaliyosema bunduki na mizinga vinaumiza watu wangapi kwa umbali gani. La tatu ni mwamuzi, mtu anayekaa katikati, anayejua kila kitu, na anayemwambia kila upande yale tu ambayo kamanda wa kweli angeweza kuyaona. Jeshi la Prussia lilipokea mchezo huo kama shule ya maofisa.

Baadaye ulifika mikononi mwa raia. Mwaka 1913 mwandishi wa Uingereza H. G. Wells alitoa kitabu kidogo kiitwacho Little Wars, cha kupigana sakafuni na vijiaskari na mizinga midogo ya springi inayorusha vijiti. Ndani ya kitabu hicho hicho Wells alisema wazi kwamba mchezo wake unaonyesha vita vya kweli vilivyo upumbavu mkubwa, uliopita kipimo cha akili za binadamu. Mwaka uliofuata, 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vilianza, na moto wake ulifika mpaka huku kwetu, kwenye maziwa ya Kivu na Tanganyika. Baada ya Vita vya Pili, Waingereza kama Donald Featherstone, kwa kitabu chake cha 1962, na Charles Grant, kwa kitabu chake cha 1971, waliufanya uwe mchezo wa watu wengi. Grant alipenda sana vita vya karne ya 18.

Kwa nini karne ya 18

Karibu na mwaka 1700 silaha za Ulaya zilibadilika haraka. Zamani nusu ya askari walibeba mikuki mirefu ya kuwazuia farasi, na wengine walibeba bunduki za kuwashwa kwa utambi wa moto. Kisha wakapata bunduki ya gumegume, inayotoa cheche yenyewe kwa jiwe, pamoja na singe, kisu kinachofungwa mbele ya mtutu. Askari mmoja akawa na bunduki na mkuki kwa wakati mmoja, na mikuki mirefu ikawekwa pembeni.

Lakini bunduki hiyo haikuwa na shabaha nzuri. Askari aliyezoezwa aliweza kupiga karibu mara mbili kwa dakika, na zaidi ya hatua 100 alikuwa anapiga bahati nasibu. Kwa hiyo watu walipangwa bega kwa bega katika mistari mirefu, mistari mitatu ao minne nyuma ya kila mmoja, wakasimama mbele ya adui wakitazamana uso kwa uso. Wafaransa walizoea kupiga mstari mzima kwa mara moja. Waingereza na Waholanzi waliigawa batalioni katika vikundi vidogo vilivyopiga kwa zamu, ili wakati wote kuwe na kikundi chenye bunduki iliyojaa baruti.

Ndiyo sababu wanaoandika kanuni wanaipenda miaka hiyo. Mambo ni machache na yanaonekana: batalioni, wapanda farasi, mizinga, mto, kijiji. Lakini ugumu unabaki pale pale: kwa nini mstari mmoja unasimama na mwingine unavunjika?

Siku ya Blenheim

Mfano unaotumiwa mara nyingi ni vita vya Blenheim, tarehe 13 Agosti 1704. Wajerumani wenyewe wanakiita kijiji hicho Blindheim. Kiko Bavaria, kando ya mto Danube. Falme za Ulaya zilikuwa zinagombania kiti cha ufalme wa Uhispania. Upande mmoja kulikuwa na Ufaransa ya mfalme Louis wa 14 pamoja na mtawala wa Bavaria. Upande wa pili kulikuwa na Uingereza, Uholanzi, Austria na wakuu wengi wa Ujerumani.

Kamanda wa Kiingereza, Duke wa Marlborough, alitoka na jeshi lake karibu na mto Rhine munamo mwezi wa Mei, akatembea majuma mengi mpaka Danube. Alipanga mapema chakula cha njiani, na viatu vipya viliwasubiri askari wake katika mji wa Heidelberg. Hilo la viatu liweke akilini, tutalirudia. Akaungana na Prince Eugene wa Savoy, na pamoja wakawa na watu wapatao 52,000. Mbele yao walikuwa Wafaransa na Wabavaria wapatao 56,000, chini ya Marshal Tallard, Marshal Marsin na mtawala wa Bavaria.

Mpaka wa majeshi ulikuwa kijito kinachoitwa Nebel. Upande wa kulia wa Tallard, karibu na Danube, ndipo kilipo kijiji cha Blenheim. Mchana Waingereza walikishambulia kwa nguvu. Brigadia Rowe, aliyeongoza mbele, aliwakataza askari wake wasipige risasi mpaka yeye aguse uzio wa adui kwa upanga wake. Aliufikia uzio, na hapo hapo akapigwa risasi. Mashambulizi yalirudishwa kwa damu nyingi.

Lakini kelele za mashambulizi hayo zilimtia hofu jenerali wa Kifaransa aliyekilinda kijiji, Clérambault. Akaita vikosi vya akiba viingie ndani, kisha vingine tena. Mwishowe kulikuwa na batalioni 27 ndani ya kijiji kimoja, watu wamebanana kati ya nyumba na kuta za bustani hata wengi wao hawakuweza kuinua bunduki. Marlborough alipoona hivyo, aliacha kushambulia. Aliweka watu wa kuwafungia humo humo ndani, akavusha nguvu yake katikati. Jioni alikuwa na vikosi karibu 80 vya wapanda farasi mbele ya vikosi 60 hivi vya Tallard, ambaye kwa upande wa askari wa miguu alibakiwa na batalioni 9 tu za vijana wapya. Vijana hao walisimama katika mistari yao mpaka wakaanguka wote pale waliposimama. Wapanda farasi wa Ufaransa walivunjika. Wengi walizama katika Danube, na Clérambault mwenyewe alizama pia. Tallard alitekwa. Saa tatu za usiku, karibu watu 10,000 waliokuwa ndani ya kijiji, wengi wao bila jeraha lolote, waliweka silaha chini.

Kutoka uwanjani mpaka mezani

Sasa tuseme mtu anataka kuandika kanuni zitakazoileta siku hiyo mezani. Kwanza anafanya hesabu. Uwanja wa vita ulikuwa na upana wa karibu kilomita 6. Akisema sentimita 1 ni mita 20, anahitaji meza ya mita 3. Akisema kijiaskari kimoja ni watu 50, anahitaji vijiaskari zaidi ya 1,000 kwa jeshi la Marlborough peke yake. Mapigano yalichukua saa nane hivi. Akisema zamu moja ya mchezo ni nusu saa ya kweli, ana zamu 16. Kila zamu ikichezwa kwa robo saa, watu watamaliza katika saa 4, yaani wataweza kula chakula cha jioni nyumbani.

Hapo tayari kuna uongo mdogo ambao kila mchezaji anaukubali. Kijiaskari cha urefu wa sentimita moja na nusu ni kikubwa mno kwa uwanja wa meza hiyo. Nyumba mbili za karatasi ngumu zinasimama kwa niaba ya kijiji kizima. Kijiji cha Blenheim, pamoja na kanisa lake, bustani zake na watu wake, kinakuwa kipande cha meza kisichozidi sahani mbili.

Kisha zinakuja kanuni za kupiga risasi. Tuchukue mfano rahisi: batalioni moja ikipiga, mchezaji anatupa dadu 4, na kila dadu inayoonyesha 5 ao 6 ni pigo moja kwa adui. Mwandishi wa kanuni anapaswa kujua nini atapata kabla ya kutupa. Kwa wastani ni pigo moja na theluthi. Mara 1 kati ya 5 hivi hakuna pigo hata moja. Mara 1 kati ya 81 dadu zote nne zinapiga. Je, hiyo inafanana na vita vya kweli? Waprussia walipojaribu bunduki zao kwa kulenga kitambaa kipana kama batalioni, kwa umbali mfupi zaidi ya nusu ya risasi zilikipata. Vitani hazikufika huko hata kidogo, kwa sababu kitambaa hakirudishi risasi, hakina moshi, na hakimtetemeshi mpigaji mikono. Ukichukua hesabu za uwanja wa mazoezi ukaziweka mezani jinsi zilivyo, majeshi yote mawili yatamalizika kabla ya zamu ya nne.

Ndiyo maana kanuni zinajaribiwa. Watu wanacheza vita vile vile mara tano, mara kumi, huku mtu mmoja akiandika kila jambo. Kuna taratibu ambazo wenye uzoefu wanazifuata.

Mosi, unabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukipunguza nguvu ya bunduki na kuongeza mwendo wa farasi siku moja, hutajua ni kipi kilichoharibu ao kutengeneza.

Pili, matokeo yasifanane kila mara. Kama Marlborough anashinda mara kumi kwa kumi, umeandika igizo, hukuandika mchezo. Kama anashinda mara tano tu kwa bahati ya dadu, akili yake haina faida yoyote mezani. Unatafuta kitu cha katikati.

Tatu, kanuni zinapewa watu wasiomjua mwandishi, wazisome na kucheza peke yao, naye akae kimya. Kila mahali wanaposimama kubishana, hapo maneno hayako wazi. Mwandishi hatakuwepo nyumbani kwa kila mnunuzi ili afafanue.

Nne, kanuni zilizopimwa kwa vita kimoja zinapelekwa kwenye kingine. Zile zilizofaa Blenheim zijaribiwe kwa vita vya Malplaquet, vya tarehe 11 Septemba 1709. Huko Marlborough na Eugene waliupata uwanja, lakini walipoteza watu zaidi ya 20,000, karibu mara mbili ya Wafaransa. Wafaransa waliondoka kwa utaratibu, ijapokuwa kamanda wao Villars alikuwa amepigwa risasi gotini. Kama kanuni zako haziwezi kumpa mshindi hasara kubwa kuliko mshindwa, bado hujaielewa miaka hiyo.

Tano, kuna tatizo la mtu anayejua mwisho wa hadithi. Mchezaji anayeshika nafasi ya Tallard amesoma kitabu. Hawezi kukubali kuingiza batalioni 27 katika kijiji kimoja. Basi wajaribu kanuni wanatafuta njia. Wengine wanabadilisha majina na kuigeuza ramani juu chini, ili mchezaji asijue ni vita gani. Wengine wanaandika kwamba jenerali wa kijijini hafuati amri ya mchezaji: dadu ndiyo inayoamua kama ataita akiba ao hataita. Kwa maana kosa la Blenheim halikufanywa na mtu anayeangalia meza kutoka juu kama ndege. Lilifanywa na mtu aliyekuwa ndani ya moshi, akisikia kelele, asiyejua adui ni wengi kiasi gani.

Woga unahesabiwa namna gani

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini. Watu wengi wanaoandika kanuni kwa mara ya kwanza wanafikiri kwamba vita ni kuhesabu maiti: upande unaobakiwa na watu wengi unashinda. Wakijaribu, wanaona kitu hakiendi. Mezani batalioni inapigana mpaka kijiaskari cha mwisho. Katika historia, batalioni nyingi ziliondoka zikiwa bado na watu wao wengi. Wale vijana wa batalioni 9 wanakumbukwa kwa sababu walikuwa tofauti na kawaida. Na wale 10,000 wa kijijini walijisalimisha wakiwa wazima.

Kwa hiyo kila kanuni nzuri ina kipimo cha moyo wa askari. Tuchukue tena mfano. Batalioni inatupa dadu mbili, na inahitaji 6 ao zaidi ili isimame. Ikiwa haijaguswa, inasimama mara 26 kati ya 36. Kwa kila pigo inapunguziwa alama moja. Na kama batalioni ya jirani imekimbia mbele ya macho yake, inapunguziwa nyingine. Yenye pigo moja inasimama mara 21 kati ya 36. Yenye pigo moja na jirani aliyekimbia inasimama mara 15 tu. Maana yake ni kwamba kumwona jirani akikimbia ni sawa na kupigwa tena, ijapokuwa hakuna risasi iliyokugusa.

Wasomaji wetu walio kambini hawahitaji kufundishwa jambo hili. Kijiji hakingojei risasi ya kwanza. Kinaona watu wa kijiji cha pili wakipita barabarani na magodoro kichwani, na usiku huo huo nacho kinafunga mizigo. Yale ambayo mchezaji wa Ulaya anayapata baada ya kutupa dadu mara mia, mama mwenye watoto wanne ameyajua kwa miguu yake.

Na vile viatu vya Heidelberg? Kanuni nyingi za siku moja haziviweki mezani. Lakini askari aliyefika na viatu, aliyekula njiani, anaanza vita akiwa na moyo tofauti na yule aliyefika na njaa. Waliojaribu vita vya Poltava, vya mwaka 1709 kati ya Wasweden na Warusi, wanajua hivyo. Wasweden walikuwa askari wa kuogopwa, waliozoea kumkimbilia adui na singe na panga. Lakini walifika siku hiyo baada ya baridi kali na upungufu wa chakula na baruti, mfalme wao akibebwa kwenye machela kwa jeraha la mguu. Ukiwapa mezani nguvu yao ya miaka iliyotangulia, wanashinda, na historia inakuwa ya uongo. Njaa lazima iandikwe kabla ya zamu ya kwanza.

Wasiokuwa mezani

Sasa tufike kwa swali la yule mama. Tumeona kwamba mchezo huu ukifanywa vizuri unafundisha: unaonyesha kwamba woga, njaa na amri zisizofika ndivyo vinavyoamua kuliko risasi. Lakini jaribio lolote linapima kile tu kilichowekwa mezani. Na kuna watu ambao karibu hakuna kanuni inayowaweka.

Majuma machache kabla ya Blenheim, munamo mwezi wa Julai 1704, jeshi la Marlborough lilichoma mamia ya vijiji vya Bavaria. Sababu haikuwa hasira. Ilikuwa mpango: kumlazimisha mtawala wa Bavaria aiache Ufaransa ao atoke kupigana. Wakulima walipoteza nyumba, mazao na wanyama ili mtu mmoja katika jumba lake abadilishe nia. Hakubadilisha. Mchezo wa mezani unaanza asubuhi ya tarehe 13 Agosti, wakati majivu ya vijiji hivyo tayari yamepoa.

Vita vikaendelea. Mwaka 1709 ulianza na baridi ambayo Ulaya haikuwahi kuikumbuka. Mito iliganda, mbegu zikafa ardhini, na nchini Ufaransa njaa na magonjwa viliua watu kwa maelfu na maelfu. Katika nchi ya Palatinate, kando ya Rhine, ambako majeshi yalikuwa yamepita na kunyang'anya tena na tena, watu waliondoka. Wapatao 13,000 walishuka mto na kuvuka bahari mpaka London mwaka huo huo wa 1709. Waliwekwa katika mahema ya jeshi nje ya mji, sehemu zinazoitwa Blackheath na Camberwell. Mwanzoni watu wa London walitoa michango. Kisha wakaanza kulalamika kwamba wageni wanapandisha bei ya mkate na kuchukua kazi. Wengine walipelekwa Ireland. Mwaka 1710 karibu 3,000 walipakiwa merikebuni kwenda New York, na mamia yao walikufa njiani ao baada tu ya kufika. Hiyo ndiyo kambi ya wahami wa vita vile vile ambavyo leo vinachezwa kwa vijiaskari vilivyopakwa rangi nzuri.

Na miaka hiyo hiyo, upande wa magharibi wa bara letu, ufalme wa Kongo ulikuwa katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Mji wake mkuu, Mbanza Kongo, ambao leo uko Angola, ulikuwa umeachwa na wakaaji wake tangu 1678. Mwaka 1704, mwaka ule ule wa Blenheim, Kimpa Vita, msichana wa miaka 20 hivi, aliwaongoza watu kurudi katika magofu ya mji huo, akiwataka wakuu waliokuwa wanagombania ufalme waache vita. Alichomwa moto tarehe 2 Julai 1706. Munamo Februari 1709, mfalme Pedro wa 4 aliuteka mji kwa nguvu za silaha. Mateka wengi wa vita hivyo waliuzwa utumwani ng'ambo ya bahari. Ukitaka kuleta mapigano hayo mezani, utapata askari wa pande mbili, lakini kiini cha jambo hakitaonekana: watu wa kawaida waliorudi kwenye mji wao kabla ya wakuu kuwapa ruhusa.

Jibu letu kwa yule mama

Basi, mama, jibu letu ni hili. Wanaocheza kwa bidii hawafurahii kuua watu. Wengi wao ni wasomaji wa historia, na meza yao imewafundisha kuwa wanyenyekevu mbele ya woga wa binadamu. Kijana aliyeuliza naye asikie: kazi ya kujaribu kanuni ni kazi ya mwalimu wa hesabu na ya mwanahistoria pamoja. Mwalimu wa kambini mwenye dadu mbili, kizibo cha chupa na ramani iliyochorwa chini anaweza kufundisha nayo hesabu za bahati nasibu, na watoto watapenda.

Lakini mtu asidhani kwamba kile kinachoonekana mezani ndiyo vita vyote. Na hii haiwahusu wachezaji peke yao. Habari za vita, hata zetu za redioni, zinafuata mara nyingi kanuni za meza ile: kundi fulani limechukua kilima fulani, jeshi limerudi mpaka mto fulani, waliokufa ni kadhaa. Hesabu hizo ni za lazima, na tutaendelea kuzitoa. Pamoja nazo kuna hesabu nyingine. Watu wangapi wamelala barabarani jana usiku? Shamba la nani lilikuwa karibu kuvunwa? Kisima kipi hakifikiki tena? Shule ipi imegeuzwa kambi?

Wabavaria wa 1704 na Wapalatinate wa 1709 hawakuwa na mtu wa kuandika zamu zao moja baada ya nyingine. Ninyi mnao. Kwa hiyo, anayekumbuka siku kijiji chake kilipoondoka, saa ngapi, kwa njia gani, nani alitangulia na nani alibaki, aandike ao alete habari hiyo redioni ili tuirekodi. Tumeanza kuzikusanya, kijiji kwa kijiji, kwa tarehe na kwa jina la mahali. Majina ya watu tutayahifadhi bila kuyatangaza.